Barafu iliyopangwa kama saa: jinsi ya kuielewa sanaa inayotengenezwa ili ipotee

Desemba 2015, mbele ya jengo la Panthéon jijini Paris, mapande 12 ya barafu yalipangwa kwa duara, kila moja mahali ambapo namba ingekaa kwenye uso wa saa. Kila pande lilikuwa na uzito wa tani kadhaa. Msanii Olafur Eliasson na mwanajiolojia Minik Rosing, mzaliwa wa Greenland, waliyatoa katika ghuba ya Nuup Kangerlua, ambako yalikuwa yakielea majini baada ya kumeguka kwenye barafu kuu ya kisiwa hicho. Wakati huohuo mkutano wa mataifa kuhusu tabianchi ulikuwa ukiendelea jijini. Wapita njia walisimama, wakagusa, wengine wakabandika sikio. Barafu ya aina hiyo ina viputo vya hewa iliyonaswa theluji ilipokuwa ikishindiliwa tabaka juu ya tabaka zama zilizopita, na inapoyeyuka hewa hiyo hutoka kwa mpasuko mdogo mdogo. Saa ile haikuwa na mshale, lakini ilisikika.

Kazi hiyo iliitwa Ice Watch, jina ambalo kwa Kiingereza linabeba maana mbili kwa pamoja: saa, na kitendo cha kutazama. Siku chache baadaye hapakuwa na kitu cha kutazama. Ndipo linapokuja swali ambalo watu wengi huliuliza kwa aibu kidogo, ilhali ni swali la haki kabisa: sanaa yenyewe ilikuwa wapi? Kama ilikuwa ni barafu, imekwisha. Kama ilikuwa ni ujumbe, si wangeuandika tu kwenye bango? Na huo uzingativu, yaani kutulia na kuelekeza akili kwenye kilicho mbele yako, unaotajwa kila mara kazi za namna hii zinapotangazwa, unaingilia wapi?

Nadhani mkanganyiko unatokana na kuchanganya mambo matatu yanayoitwa kwa jina moja. Kuna muda wa kitu chenyewe, yaani kasi ambayo barafu inayeyuka, nta inaungua au mchanga unapeperuka. Kuna muda wa kalenda: siku ya kufungua na siku ya kuondoa. Halafu kuna muda wa mtazamaji, zile dakika ambazo mtu anazitoa. Kazi inaweza kuwa fupi kwa kalenda na isiseme lolote kuhusu wakati. Inaweza pia kusimama miaka mingi huku kila siku yake ikiwa ni somo la wakati.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Tunasema "sina nafasi" tukimaanisha kwamba muda umebana, na tunasema "hakuna nafasi" tukimaanisha kwamba chumba kimejaa. Neno moja linashika mahali na muda. Sanaa ya kusimika, yaani ile inayojengwa mahali fulani ili watu waingie ndani yake au waizunguke badala ya kuitazama kama picha ukutani, inafanya kazi hapohapo neno hilo linaposimama. Msanii anachukua nafasi ya mahali, akitumaini kwamba wewe utapata nafasi ya muda.

Tuanze na kitu chenyewe, maana ndicho kinachosahaulika upesi zaidi. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyokwisha kufika nyuzi 0 kunahitaji kilojuli 334 hivi za joto. Joto hilohilo lingetosha kuchukua kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Kwa hiyo barafu ni shupavu kuliko inavyoonekana: inameza joto jingi mno bila jotoridi lake kupanda hata nyuzi moja. Ukubwa nao una hesabu yake. Ukiongeza upande wa mchemraba mara mbili, ujazo unaongezeka mara nane lakini eneo la nje, ambako joto linaingilia, linaongezeka mara nne tu. Ndiyo maana kipande cha kwenye glasi kinakwisha kabla hujamaliza mazungumzo, na pande la tani kadhaa linadumu siku nyingi uwanjani. Msanii anayechagua ukubwa wa barafu anachagua, bila kutia saini popote, urefu wa maisha ya kazi yake. Hali ya hewa ndiyo inayomalizia hesabu.

Mtu aliyelitumia jambo hili kwa ustadi wa kipekee ni msanii Andy Goldsworthy. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Juni 2000, katikati ya kiangazi, aliweka mabonge 13 ya theluji katika mitaa ya London, kila moja likiwa na uzito wa tani moja hivi. Theluji ilikuwa imekusanywa Scotland na kutunzwa katika ghala la baridi. Waliotoka nyumbani asubuhi kwenda kazini wakakuta theluji njiani, katika mwezi ambao theluji haina habari. Ajabu hiyo peke yake ingetosha kwa habari ya magazeti, lakini kiini cha kazi kilikuwa ndani. Kila bonge lilifichwa kitu: manyoya ya kunguru, sufu ya kondoo, masuke ya shayiri, seng'enge. Kadiri theluji ilivyopungua ndivyo vitu hivyo vilivyojitokeza. Aliyepita asubuhi aliona bonge jeupe. Aliyerudi jioni aliona ncha za waya zikichomoza.

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu. Kazi iliyotengenezwa kwa wakati ni ile ambayo aliyekuja saa tatu na aliyekuja saa kumi hawakuona kitu kimoja, na tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe. Onyesho linalokaa wiki mbili bila kubadilika, kisha likavunjwa na mafundi, ni onyesho fupi tu. Halina kosa. Ila kuliita tafakuri juu ya wakati kwa sababu tu tarehe ya kufunga iko karibu ni kulibebesha sifa isiyo yake.

Kipimo hiki kinapata taabu mbele ya Christo na Jeanne-Claude, wasanii waliokuwa mume na mke, na sipendi kukwepa taabu hiyo. Tarehe 12 Februari 2005 walifungua The Gates katika bustani ya Central Park, New York: malango 7,503 yenye vitambaa vya rangi ya zafarani, yaliyosimama siku 16 kisha yakaondolewa. Mwaka 1995 walikuwa wamelifunika jengo la bunge la Ujerumani mjini Berlin kwa siku 14. Mwaka 2021, Christo akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla na mkewe tangu 2009, lango la Arc de Triomphe la Paris lilifunikwa kwa mita za mraba 25,000 za kitambaa na mita 3,000 za kamba nyekundu, kwa siku 16 vilevile. Kitambaa hakiyeyuki. Kiliwekwa, kikaondolewa. Je, hayo si maonyesho mafupi tu?

Jibu liko katika majina rasmi ya kazi hizo. Malango ya Central Park yameandikwa "1979–2005". Bunge la Berlin limeandikwa "1971–95". Wasanii hao walihesabu miaka ya kuomba vibali, kukataliwa, kuchora, kuhojiwa na kamati na kurudi tena kuwa sehemu ya kazi, na walilipia gharama kwa kuuza michoro yao ya maandalizi badala ya kutafuta wafadhili. Ukitazama hivyo, siku 16 za New York ni ukingo tu wa kitu kilichochukua miaka 26. Na wakati wa zile siku zenyewe, upepo na mwanga havikukiacha kitambaa kiwe vilevile hata saa moja. Nimekubali kwamba kipimo changu hakikuvunjika hapo, kimenyooshwa tu: wakati unaweza kufanya kazi yake kabla ya pazia kufunguliwa.

Wahenga waliufananisha wakati na ukuta, na wakaonya kwamba anayeshindana nao ataumia. Makumbusho mengi yamejengwa kwa ajili ya kushindana nao hata hivyo, kwa vioo, kwa mashine za kudhibiti unyevu, kwa taa zilizofifishwa ili rangi isichujuke. Sidharau jitihada hiyo. Bila hiyo tusingekuwa na mengi. Lakini inatuachia mazoea ya kudhani kwamba kudumu ndiyo heshima pekee ambayo kazi ya mkono inaweza kupewa. Kuna mapokeo ambayo hayajawahi kufikiri hivyo.

Watawa wa Kibudha wa Tibet hutengeneza mandala, yaani mchoro mtakatifu wa ibada, kwa mchanga wa rangi. Kifaa chao ni bomba jembamba la chuma lenye matuta ubavuni. Mtawa hulikwaruza kwa kijiti cha chuma, na mtetemo hudondosha mchanga kidogo kidogo, karibu punje kwa punje. Mandala ya Kalachakra, jina ambalo maana yake ni gurudumu la wakati, inabeba miungu 722, na kuikamilisha kunachukua siku nyingi za kuinama. Mwaka 1988 watawa waliitengeneza hadharani katika makumbusho ya historia ya viumbe ya New York. Mandala inapokamilika na ibada kumalizika, hufagiliwa. Rangi zote huchanganyika, sehemu hugawiwa waliohudhuria, iliyobaki humwagwa kwenye maji yanayotiririka.

Mgeni huona hapo msiba, au ushujaa. Kwa watawa wenyewe hali ni tofauti. Mchoro wa mandala haukubuniwa na mtu siku ile. Unafuata maandiko na kumbukumbu, na lengo lake ni kumsaidia mtu kuijenga akilini wakati wa kutafakari. Mchanga ulikuwa kiunzi. Ukifagiliwa, mandala haijapotea, kwa sababu makao yake hayakuwa mezani. Na humwagwa kwenye maji yanayotembea, si yaliyotuama, ili baraka isambae. Anayeisoma kama hadithi ya huzuni juu ya uzuri unaopita amesoma nusu.

Na hapo ndipo uzingativu unapohusika kwa haki. Neno lililotumika katika maandiko ya Kibudha ya lugha ya Kipali ni sati. Mwaka 1881 mwanazuoni T. W. Rhys Davids alilichagulia neno la Kiingereza mindfulness, ambalo leo limeenea dunia nzima. Kinachonigusa ni kwamba mzizi wa sati ni kukumbuka. Leo tunaambiwa uzingativu ni kukaa katika wakati huu tu, yaliyopita yameachwa. Neno la asili lina upana zaidi: kukumbuka kile unachokifanya wakati unakifanya, kutokisahau kilicho mbele yako huku bado kiko mbele yako. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliingiza mazoezi ya aina hii katika kitengo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa ambao maumivu yao hayakuwa yakiisha, kwa programu ambayo leo huchukua wiki nane. Zoezi lake mashuhuri la mwanzo linatumia zabibu kavu moja. Unaitazama, unaigeuza, unainusa, unaiweka ulimini bila kuitafuna, kisha unaitafuna taratibu. Nikilifikiria zoezi hilo naona sanaa ya muda mfupi katika umbo dogo kuliko yote: kitu kimoja, mtu mmoja, na mwisho unaojulikana tangu mwanzo.

Sasa muda wa mtazamaji. Jeffrey Smith na Lisa Smith waliwapima watu kimyakimya katika makumbusho ya Metropolitan ya New York, wakichapisha matokeo mwaka 2001. Kwa wastani mtu alikaa mbele ya mchoro sekunde 27.2. Wastani huo ulivutwa juu na wachache waliokaa sana. Nusu ya matazamio yote hayakuzidi sekunde 17. Na hiyo ilikuwa kabla simu zenye kamera hazijaingia katika kila mfuko. Nazileta takwimu hizi kwa kuwa zinaonyesha ugumu wa kazi inayotaka kukufanya uone badiliko la polepole. Kwa sekunde 17 barafu haiyeyuki. Kwa sekunde 17 barafu ni jiwe jeupe.

Watu husema kwamba uzingativu unapunguza kasi ya wakati. Kauli hiyo inahitaji kufunguliwa, maana ndani yake kuna mambo mawili yanayokwenda kinyume. Wanasaikolojia hutenganisha muda tunaouhisi ukiwa unapita na muda tunaoukadiria tukiwa tumegeuka nyuma. Ukiwa kwenye foleni na jicho lako kwenye saa, kila dakika inanyooka, lakini wiki ijayo hukumbuki kitu. Saa nzima imejikunja ikawa kama haikuwepo. Safarini mahali pageni ni kinyume chake: siku inakatika upesi, na ukiikumbuka baadaye inaonekana ndefu kwa sababu imejaa. Tunapohisi, kinachotawala ni kiasi gani cha akili kimeelekezwa kwenye muda wenyewe. Tunapokumbuka, kinachotawala ni mabadiliko mangapi yamehifadhiwa. Kazi nzuri ya muda mfupi inajaribu kupata yote mawili, ikutulize kiasi cha kuhisi dakika na wakati huohuo ikupe mabadiliko madogo ya kuhifadhi. Ndiyo maana utupu mtupu hautoshi. Chumba cheupe chenye mto wa kukalia na sauti ya kengele kinaweza kupumzisha, lakini kama hakuna kinachobadilika, kumbukumbu haina pa kushika.

Msanii Tehching Hsieh aliuchunguza muda huo kwa njia kali kupita kiasi. Kuanzia tarehe 11 Aprili 1980, kwa mwaka mzima, alipiga kadi kwenye mashine ya kurekodi mahudhurio ya kazini kila saa, usiku na mchana. Kati ya saa 8,760 alizikosa 133. Kila alipopiga, kamera ilichukua fremu moja. Alianza akiwa amenyoa kichwa, na filamu iliyotokana na fremu hizo inaukunja mwaka mzima kuwa dakika 6 hivi, nywele zikiota mbele ya macho yako. Alikuwa makini na wakati kuliko karibu mtu yeyote aliyewahi kuishi, na umakini huo ulimkatakata usingizi na siku. Naiona kama onyo kwa wanaodhani kwamba kuuzingatia wakati na kuihesabu saa ni kitu kimoja.

Kuhusu picha za simu, nina ugomvi nazo lakini ushahidi umenilazimisha niulegeze. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel alichapisha majaribio aliyoyafanya katika makumbusho: watu waliopiga picha za vitu vizima walikumbuka vichache kuliko waliotazama tu. Lakini waliovuta kamera karibu na sehemu moja ya kitu hawakupata hasara hiyo. Inaelekea kamera si adui kwa asili yake. Shida ni kuiachia ifanye kazi ya kuangalia kwa niaba yetu. Kwa kazi inayopotea hili lina uzito wa ziada, kwani hakuna kurudi kuitazama tena.

Maswali ya umiliki nitayagusa kwa haraka. Kazi nyingi za namna hii zinapouzwa, kinachouzwa ni hati na maelekezo. Msanii Felix Gonzalez-Torres mwaka 1991 alitengeneza rundo la peremende zenye uzito wa ratili 175, sawa na kilo 79 hivi, kwa ajili ya mwenzi wake Ross aliyekufa kwa UKIMWI. Mtazamaji anaruhusiwa kuchukua moja, na rundo linaweza kujazwa tena. Wolfgang Laib, aliyesomea udaktari kabla ya sanaa, tangu 1975 amekuwa akitengeneza mabamba ya marumaru nyeupe yaliyochimbwa kidogo sana juu, kiasi cha kushika tabaka jembamba la maziwa. Maziwa huharibika, kwa hiyo kila siku humwagwa, jiwe likasafishwa, yakamiminwa mapya. Marumaru ina umri wa milima na maziwa yana umri wa asubuhi moja, na kinachoviunganisha ni mfanyakazi anayerudia tendo lilelile kila siku kwa mkono usiotetemeka. Kama ningelazimika kuchagua kazi moja ya kumweleza mtu uzingativu bila kutumia neno lenyewe, ningechagua hiyo, na ningemwomba afike mapema asubuhi maziwa yanapomiminwa.

Ushauri wangu kwa anayekwenda kuona kazi ya aina hii unatoka hapo. Usijaribu kuiona yote. Chagua sehemu moja ndogo ambapo kitu kinakutana na kingine: ukingo wa barafu na jiwe la chini, maziwa na mdomo wa marumaru. Kaa hapo mpaka uone badiliko moja dogo, hata kama jirani yako ameshaondoka mara tatu. Ukiweza, rudi siku ya pili na usimame palepale. Wenye foleni za kuingia kwa dakika chache watakusumbua, na nadhani waandaaji wanaoweka vikomo hivyo kwenye kazi za polepole wanaiharibu kazi kabla jua halijaigusa.

London nayo ilipata barafu ya Greenland, Desemba 2018: mapande 24 mbele ya Tate Modern na mengine 6 katikati ya mji. Safari hii hayakupangwa kama saa. Yalisimama kama kichaka, na watu wakapita katikati yake. Aliyekwenda siku ya kwanza ilimbidi ayazunguke yaliyomzidi kimo. Mtoto aliyerudi baada ya siku kadhaa angeweza kuweka kiganja juu ya kilele cha pande lilelile, na maji yakamshukia mkononi mpaka kwenye kiwiko.